Barabara ya Pangani ifungwe Jumapili moja, tupite na baiskeli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe ombi. Naomba barabara ya kutoka Tanga kwenda Pangani ifungwe kwa magari asubuhi ya Jumapili moja kila mwaka, watu wa kila rika waingie humo na baiskeli zao, waendeshe mpaka Pangani na kurudi, au waishie njiani kadiri ya nguvu zao. Naomba pia gazeti lako liwe la kwanza kulibeba jambo hili. Sababu ya kuanzia kwako badala ya kwenda moja kwa moja ofisi ya mkoa nitaieleza hapo chini.

Mimi ni mwalimu wa jiografia wa sekondari, mama wa watoto watatu, mkazi wa Ngamiani. Naenda kazini kwa baiskeli tangu nilipoajiriwa, mvua na jua, na hapa kwetu hilo si jambo la kusimuliwa. Mgeni akifika Tanga anachokiona kwanza ni baiskeli. Mchuuzi wa samaki anatoka Kigombe alfajiri, tenga limefungwa kwa mpira nyuma ya karia. Muuza maziwa ana madumu mawili, moja kila upande. Wazee wenye kanzu wanakwenda msikitini na baiskeli, akina mama wenye baibui wanakwenda nazo sokoni, wanafunzi wanabebana wawiliwawili. Sijaona mji mwingine Tanzania Bara ambako mwanamke akipanda baiskeli hakuna anayegeuza shingo.

Pamoja na hayo, barabara zetu nyingi hazina sehemu ya mpanda baiskeli. Lami inaisha, mchanga unaanza, na hapo ukingoni ndipo tunapotakiwa kupita. Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu wa Kidato cha Pili aligongwa na gari kubwa akija shuleni. Hakufa, namshukuru Mungu, lakini mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti. Nilifika pale kabla hajachukuliwa. Watu walikuwa wamejaa, na katika maneno yote niliyoyasikia, lililonikaa moyoni mpaka leo ni la baba mmoja mtu mzima aliyeuliza kwa sauti: “Sasa na yeye alifuata nini barabarani na baiskeli?” Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kama anavyouliza mtu anayeamini kwamba barabara ina mwenyewe, na mwenyewe ni gari.

Swali lile nilisafiri nalo mwezi Machi nilipokwenda Cape Town, Afrika Kusini, kushiriki msafara wao mkubwa wa baiskeli. Mdogo wangu anaishi huko, anafanya kazi hotelini. Yeye ndiye aliyeniandikisha na kuniazimia baiskeli ya mwenzake wa kazini. Mazoezi niliyafanya huku nyumbani, alfajiri za Jumapili, barabara hiyohiyo ya Pangani, mimi na walimu wenzangu wawili, tukisimama Tongoni kunywa maji na Kigombe kunywa madafu.

Wengi wanaoujua msafara ule wanaujua kama mashindano. Muda unapimwa kweli. Kila anayeshiriki hupewa kifaa kidogo cha kunasa muda wake, na mbele kabisa wapo wanaoshindania ubingwa. Lakini haukuanza hivyo, na hili ndilo nililotaka wasomaji wako walijue. Katika miaka ya 1970 wakazi wawili wa jiji hilo, Bill Mylrea na John Stegmann, waliwakusanya waendesha baiskeli wakapita nao mjini kudai njia za baiskeli. Kilikuwa kilio kama changu. Kutokana na kilio hicho, mwaka 1978 ikaandaliwa safari ya kuizunguka rasi yote, kilomita 104, na watu 525 wakajitokeza. Nchi ilikuwa bado chini ya ubaguzi wa rangi, na baiskeli haikuwa kitu ambacho wakubwa wa jiji walikipa uzito. Leo safari hiyo ni ya kilomita 109, wanaojiandikisha ni makumi ya maelfu, na wapo wanaotoka nchi nyingi za dunia. Waliotangulia kuomba sehemu ya barabara sasa wanapewa barabara nzima, siku moja kwa mwaka, na jiji linaipanga siku hiyo mapema kwenye kalenda yake.

Na sasa niseme kwa nini nimeanza na gazeti. Kwa miaka mingi mdhamini aliyeubeba msafara ule kwa jina alikuwa gazeti la jiji, Cape Argus. Jina rasmi limekwisha kubadilika, udhamini umehama, lakini dereva wa teksi aliyetutoa uwanja wa ndege alipouona mfuko wangu wenye kofia ngumu aliniuliza kama nimekuja kwa ajili ya “Argus”. Jirani wa mdogo wangu aliuliza vilevile, na muuza matunda pia. Gazeti lilifanya kazi ya kuwaambia watu siku, njia, saa za kufunga barabara, nani amemaliza na nani yuko wapi, mpaka watu wakaliita tukio lenyewe kwa jina la gazeti. Nami naomba gazeti la Kiswahili lifanye hivyo kwa Tanga.

Nieleze kidogo siku yenyewe, maana bila hilo ombi langu litabaki maneno matupu.

Tulianzia katikati ya jiji, karibu na kiwanja cha Grand Parade, palepale umati ulipomsikiliza Mandela siku alipotoka gerezani, 11 Februari 1990. Watu hawaachiwi wote kwa pamoja. Hupangwa makundi makundi kufuata kasi ya mtu katika safari zake zilizopita, na kila kundi hutolewa dakika chache baada ya lililotangulia. Mgeni asiye na rekodi huwekwa nyuma. Maana yake ni kwamba wenye kasi huondoka kungali na ubaridi wa asubuhi, na sisi wa nyuma hukutana na jua na upepo. Sikulalamika. Nilipata nafasi ya kutazama watu: mzee aliyevaa fulana ya miaka mingi iliyopauka, msichana mwenye mguu wa bandia akikagua breki zake, na baiskeli za watu wawili ambazo wa mbele anaona na wa nyuma ni kipofu. Yule msichana nilimtazama kwa muda mrefu, na kila msomaji atajua nilimfikiria nani.

Kilomita za mwanzo ni barabara kuu ya magari, ile ambayo siku nyingine mpanda baiskeli haruhusiwi hata kuikanyaga. Tulipita chini ya hospitali ya Groote Schuur, ambako Dk. Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa binadamu mwaka 1967. Mwenzangu wa baiolojia alikuwa ameniagiza niitazame kwa niaba yake, na niliitazama. Lakini kilichonishika pale kilikuwa sauti. Hapakuwa na honi, hapakuwa na injini. Palikuwa na minyororo ya baiskeli, pumzi za watu, na mmoja mmoja akisema “napita kulia kwako, dada.” Huku kwetu mpanda baiskeli husikiliza kwa mgongo. Kila lori linalokuja nyuma unalihesabu: liko mbali, limekaribia, limeniona, halijaniona. Ukifanya hivyo miaka na miaka hujui tena kama unafanya. Mimi sikujua kwamba mabega yangu huwa yamekaza ninapoendesha, mpaka asubuhi ile yalipolegea. Nililia nikiwa naendelea kunyonga. Mama mmoja aliyekuwa kando yangu aliniuliza kama ninaumwa, nikamwambia hapana, nimefurahi.

Kutoka Muizenberg njia hufuata ufuo wa False Bay, reli upande mmoja na bahari ng'ambo yake, mpaka bandari ya uvuvi ya Kalk Bay, kisha Fish Hoek, kisha Simon's Town penye kambi ya jeshi la majini na, si mbali na hapo, ufuo wa pengwini. Hapo ndipo upepo wa kusini-mashariki ulipotupata usoni. Wenyeji wanauheshimu upepo ule. Mwaka 2017 ulivuma kwa nguvu mpaka baiskeli zikapeperushwa mikononi mwa watu, na waandaaji wakasimamisha safari asubuhi ileile, maelfu ya watu wakiwa wamekwisha kufika. Siku yangu haikuwa hivyo, lakini ulitosha kunifundisha kukaa nyuma ya mwenzangu, gurudumu langu karibu na lake, yeye akikata upepo na mimi nikipumzika, halafu tunapokezana. Mama yuleyule alinielekeza kwa mkono bila kusema neno. Tulikwenda hivyo kilomita nyingi, watu sita tusiojuana. Mfukoni nilikuwa na tende za nyumbani. Nilizigawa.

Baada ya Simon's Town kuna mlima wa Smitswinkel, bahari iko chini yako kushoto, nyani wamekaa ukingoni mwa barabara wanatutazama. Ukimaliza kupanda unapita karibu na lango la hifadhi ya Cape Point. Wanafunzi wangu huandika kwenye mitihani kwamba hapo ndipo bahari mbili zinapokutana, na watalii wengi nao hupiga picha wakiamini hivyo. Mpaka wa Bahari ya Hindi na Atlantiki kijiografia uko mashariki zaidi, rasi ya Agulhas. Hata hivyo ukiteremka kuelekea Scarborough unaihisi Atlantiki usoni, maana maji ya upande ule ni ya mkondo baridi wa Benguela na hewa inabadilika mara moja. Nimefundisha mkondo huo ubaoni zaidi ya nusu ya maisha yangu ya kazi. Nilisimama kando, nikanywa maji, nikautazama.

Kisha Kommetjie, Noordhoek, halafu Chapman's Peak. Barabara ile ilichongwa kwenye jabali kati ya mwaka 1915 na 1922, ina kona 114 katika kilomita tisa, jabali kulia kwako na genge la bahari kushoto. Msuli wa paja ulinikaza hapo, nikashuka, nikatembea kidogo nikiisukuma baiskeli. Hakuna aliyenicheka. Walikuwepo wengine wanaosukuma, na kila aliyetupita alisema neno la kututia moyo. Chini ya mlima huo kuna Hout Bay, na kutoka Hout Bay unaanza mlima wa mwisho, Suikerbossie. Ni mfupi, lakini unakuja wakati miguu imekwisha. Wakazi walikuwa wametoka na viti, muziki, moto wa nyama, na mipira ya maji ya kutumwagia. Ukifika juu, kazi imebaki ya kuteremka: Llandudno, Camps Bay, Sea Point, na mwisho Green Point penye uwanja wa mpira uliojengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2010. Kikomo cha muda ni saa saba tangu mtu aanze. Nilifika ndani ya muda, mdogo wangu akiwa amesimama na bendera ya Tanzania aliyoitoa sijui wapi.

Sitaki nionekane nimekwenda kwa watu nikarudi na sifa tupu. Pale chini ya Suikerbossie upo mtaa wa Imizamo Yethu, nyumba za mabati zimebanana mlimani. Siku moja kabla ya ule msafara wa 2017 moto ulianza kuuteketeza, na maelfu ya watu wakabaki hawana makazi. Niliwaona watoto wa mtaa huo kando ya barabara wakitupigia makofi, na baiskeli zilizokuwa zikipita mbele yao nyingine zina bei ya nyumba. Niliwatafuta waliokuja na baiskeli za kawaida, za kwendea kazini. Walikuwepo, ila wachache mno. Ada ya kujiandikisha peke yake ingenishinda bila mdogo wangu. Kwa hiyo jambo lililoanza kama dai la kila mwendesha baiskeli linaweza baada ya muda kuwa la wenye uwezo zaidi, hata kama fedha zinazopatikana zinakwenda kwenye shughuli za hisani kupitia chama cha waendesha baiskeli cha Pedal Power na klabu ya Rotary ya Claremont, kama ilivyo kule. Tukianzisha letu, tulilinde na hilo tangu siku ya kwanza.

Ninavyoliona la kwetu ni hivi. Barabara ya Tanga hadi Pangani ni kilomita 50. Kwenda na kurudi ni mia moja, karibu sawa na ile ya watu wa Cape Town mwaka 1978. Haina milima ya kumtoa mtu roho. Ina kivuli cha minazi, mashamba ya mkonge, magofu ya Tongoni, bahari inayojitokeza na kujificha, na mwisho wake mto Pangani. Asiyeweza mia moja aende Tongoni na kurudi. Asiyeweza Tongoni azunguke mjini. Ifanyike Julai, masika yamekwisha na jua si kali. Tena Julai ni wakati wa kusi, na Pangani iko kusini mwa Tanga, kwa hiyo upepo mtu atakutana nao wakati wa kwenda, miguu ikiwa na nguvu, na utamsukuma nyuma wakati wa kurudi. 

Baiskeli ya kazi isilipiwe ada. Anayekuja na Phoenix yake yenye karia, au Swala ya marehemu baba yake, au baiskeli ya kubebea samaki, aandikishwe bure na apewe namba kama mwingine yeyote. Tena liwepo kundi lao, lenye zawadi yao, na lianze mbele. Wenye baiskeli za gia nyingi na nguo za kubana wakaribishwe, walipie, na fedha yao inunue baiskeli za wanafunzi wanaotembea mbali. Mafundi baiskeli wetu wa chini ya miembe wapangwe njiani, kila baada ya kilomita chache, walipwe na mdhamini kwa siku nzima, wazibe pancha na kukaza spoku bila kumdai mtu. Maji yawepo Tongoni na Kigombe, na madafu yanunuliwe kwa wenyeji wa vijiji hivyohivyo, wasije wakafungiwa barabara kisha wasipate chochote.

Najua nitaambiwa barabara haiwezi kufungwa, uchumi utasimama. Mbona mbio za Kilimanjaro Marathon zinafanyika Moshi kila mwaka, barabara zinadhibitiwa, na Moshi inapata wageni mpaka nyumba za kulala zinajaa? Wakazi wa Hout Bay kwa saa kadhaa hawawezi kutoka na gari, na wanajua mapema ni saa ngapi hadi saa ngapi, kwa hiyo wanajipanga. Gari la wagonjwa hupitishwa. Mabasi ya Pangani yanaweza kuondoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri na tena baada ya saa saba mchana. Hata siku ikibidi kupunguza au kuahirisha, ifanyike bila kuona haya: mwaka 2015 moto wa milimani ulipoziba njia, wale wa Cape Town walifupisha safari yao ikawa kilomita 47, watu wakaendesha hizo na wakarudi mwaka uliofuata.

Nitaambiwa pia kwamba tayari wapo ndugu zetu wa Twende Butiama, wanaoendesha kutoka Dar es Salaam hadi alikozaliwa Mwalimu. Nawaheshimu sana. Mwalimu mwenyewe mwaka 1967 alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha, na nchi nzima ilielewa anasema nini kwa kutembea kule. Lakini safari ya zaidi ya kilomita elfu ni ya mashujaa wachache wenye likizo na mapafu. Ninayoiomba mimi ni ya muuza maziwa, mwanafunzi, mama mjane, karani wa benki, ambaye Jumatatu asubuhi yuko kazini.

Lipo na la tatu, ambalo husemwa kwa chini chini: kwamba baiskeli ni ya mtu aliyekosa, na akipata ataiacha, kwa hiyo kwa nini tuijengee barabara. Hili linaniuma kuliko yote kwa sababu nimelisikia hata kwenye chumba cha walimu. Dar es Salaam walijenga njia za baiskeli kandokando ya barabara ya mabasi yaendayo haraka, iliyoanza kazi mwaka 2016. Nimezipita. Mara nyingi nimekuta bodaboda zinapita humo kama njia ya mkato, na meza za biashara zimepangwa juu yake. Njia ipo, lakini hajatokea wa kuitetea, kwa kuwa wanaoihitaji hawajawahi kuonekana mahali pamoja, siku moja, wakiwa wengi. Wale 525 wa mwaka 1978 walionekana. Mhandisi anayechora barabara hufuata hesabu. Magari anayahesabu, na mimi nataka siku hiyo watu wa baiskeli wa Tanga wahesabiwe kwa namba za vifuani, jina na mtaa, ili TANROADS wenye barabara kuu, TARURA wenye za mitaa na Halmashauri ya Jiji wapelekewe orodha pamoja na dai moja: kila barabara itakayojengwa au kupanuliwa mkoani hapa ichorwe ikiwa na njia ya baiskeli tangu kwenye karatasi, na zilizopo zianze kuongezewa kwenye njia za shule.

Yule mwanafunzi wangu sasa ni binti mkubwa, anasoma chuo. Nilipomsimulia habari za msichana mwenye mguu wa bandia hakusema kitu kwa muda, kisha akaniuliza pedali yake ilikuwa imefungwaje. Nimempelekea picha. Fundi wetu mmoja wa Ngamiani ameitazama na kusema kufunga kile kikamatio hakumshindi, chuma anacho.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, naomba mambo matatu kutoka kwako. Chapisha barua hii. Mtume mwandishi akaonane na Mkuu wa Mkoa na Kikosi cha Usalama Barabarani, awaulize kama Jumapili moja ya Julai mwakani inawezekana, na jibu lao lichapwe ukurasa huuhuu. Likiwa ndiyo, chapa fomu ya kujiandikisha gazetini, watu waikate na kuirudisha kwa fundi baiskeli wa mtaani kwao, kwa maana wengi wetu hatuna mazoea ya kujiandikisha kwenye intaneti, na fundi tunamjua sote. Mafundi wanne wa barabara ya kumi na mbili wamekwisha kukubali kupokea fomu hizo bila malipo. Meza ya maji ya Kigombe tutaisimamia sisi walimu, na mwenye kijiko, ndoo au jagi la kuazima anaweza kuniona shuleni kuanzia saa tisa alasiri, siku yoyote ya kazi.

Mwalimu wa jiografia,
Ngamiani, Tanga